Mapovu ya Fosco

Katika Jehanamu nzima, yenye moto na nyoka na upepo na barafu, mtaa wetu uliangukia tope.

Wa kulaumiwa ni Ademaro, mwenyekiti wetu. Yeye ndiye aliyeingiza mkono kwenye sufuria ya shaba mbele ya kanisa, akatoa kikaratasi, akakisoma, halafu akakisoma tena, labda akitumaini maandishi yatamwonea huruma. Kwetu Cerbaiola, kila Sikukuu ya Mtakatifu Laurenti, mitaa minne hushindana. Baba zetu walishindana kusukuma mapipa ya divai mlimani. Siku hizi vijana wametuletea kompyuta na projekta, basi kila mtaa unatengeneza kipande kimoja cha Jehanamu, ile Jehanamu ya shairi la kale tunalolishwa shuleni tupende tusipende, roho zikiteseka ukutani utadhani ziko hai. Picha zinaonyeshwa ndani ya ghala kuukuu la kukaushia tumbaku, madirisha yamefungwa, mji mzima umebanana gizani mchana kweupe. Mtakatifu wetu mwenyewe aliuawa kwa kubanikwa juu ya wavu wa chuma kama soseji, kwa hiyo mambo ya moto hayatutishi.

Nani apate kipande gani, ni kura. Mtaa wa Fornace, wale majirani zetu wenye kiburi, walipata wapenzi wanaopeperushwa na upepo. Wapenzi, tena hawana nguo! Mtaa mwingine ukapata walafi chini ya mvua chafu, mwingine wezi na nyoka wao. Halafu zamu yetu.

"Tope," Ademaro akasema.

"Tope gani?" nikauliza.

"La wale wenye huzuni. Wamezama chini kabisa, hawaonekani. Kinachoonekana juu ni mapovu tu."

"Mapovu! Ademaro, wenzio wanavua wapenzi, wewe unatuvulia mapovu? Mkono huo ulinawa asubuhi?"

"Nives, kura ni kura, mama."

"Usiniite mama, sikukuzaa. Ningekuzaa mimi ungekuwa na bahati kidogo."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana nina baa, na mwenye baa akinuna wateja wanahama. Lakini niliporudi baa nikawawaza watu wale. Wenye huzuni! Hawakuua mtu, hawakuiba, hawakumsaliti yeyote. Walikuwa na huzuni tu, na mshairi akawafukia. Nilipokuwa shuleni nilipita hapo bila kushtuka. Safari hii nilishtuka, kwa sababu mdogo wangu Fosco alikuwa amelala kitandani tangu Februari.

Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaani kwetu Fosco ni nani, atakuambia ni fundi baiskeli mwenye mapafu ya ng'ombe. Kwenye bendi ya mji ndiye anayepuliza lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalomzunguka mtu kifuani. Mcheshi, mbishi, mlaji. Asubuhi moja ya Februari hakufungua karakana. Kesho yake pia hakufungua. Watu wakahangaika kutafuta sababu, maana sababu inatuliza roho. Mke? Waliachana zamani na walishapatana. Ugonjwa? Damu ilipimwa, safi. Hakukuwa na sababu. Mtu aligeukia ukuta, basi.

Daktari alikuwa akija, akiacha vidonge, akimpima uzito. Mwisho wa Juni akanivuta kando. "Signora Nives, akizidi kukonda itanibidi nimpeleke akalazwe hospitali ya mjini. Sikukuu ikiisha nitaamua."

Mjomba wetu Tebaldo alipelekwa hivyohivyo sisi tukiwa wadogo, kwa huzuni hiihii, akarudi ndani ya jeneza. Daktari sikumwambia hilo. Nilimwambia kahawa yake inapoa. Lakini niliogopa, niliogopa nyuma ya kaunta yangu mwenyewe.

Dawa yangu mimi ilikuwa kelele. Kila mchana nilifunga baa, nikavuka barabara na bakuli la supu ya kuku yenye tambi ndogo, nikaanza kupayuka tangu mlango wa chini. "Fosco! We Fosco! Jua linachoma mpaka paka wanahema, wewe umejifunika blanketi kama mwali! Ersilia anaulizia baiskeli yake, nimemwambia apande punda! Amka ule, supu hii imemtoa kuku roho!"

Tangu tukiwa watoto, nikimpigia kelele, Fosco ana jibu lake moja. "Mimi si kiziwi, Nives." Analisema polepole, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, nami hapo hasira hunipanda maradufu, na yeye ndicho anachotaka. Tangu Februari hakulisema tena. Nilipayuka, nikaweka supu, nikaketi ukingoni mwa kitanda nikamsimulia umbea wote wa baa, naye akatazama ukuta. Ila supu alikula. Siku nyingine nusu bakuli, siku nyingine robo, lakini alikula.

Binti yake Fiamma alirudi nyumbani kwa ajili yake. Kazi yake iko Bologna, anachora majitu na makasri ya michezo ya kompyuta. Mtaa mzima ulimvamia atuokoe na lile tope, akakubali hata bila kubembelezwa.

"Mwanangu," nikamwambia, "utalichora hilo, na baba yako yuko hali ile?"

"Shangazi, kwani naweza kufikiria kitu kingine?"

Njia yake ya kufanya kazi iko hivi. Anamvika mtu nguo nyeusi ya kubana yenye vitufe vyeupe kwenye kila kiungo, anamzungushia kamera, mtu anagaagaa, na ndani ya kompyuta roho nayo inagaagaa vilevile. Basi ukumbi wa parokia ukafurika. Kila mtu alitaka kuwa roho inayoteseka. Ersilia mwoka mikate, mwenye mwili wa kutosha roho tatu, alijitupa kwenye godoro akapiga yowe la kuamsha wafu wa kweli. Ademaro alikufa na kufa tena, kila mara akiibia jicho kamera. Mimi niliwaletea divai na mkate wa nyanya, nikacheka hadi nikakaa chini.

Fiamma hakucheka. "Wanaigiza watu wanaozama majini," aliniambia akikunja nyaya. "Anayezama majini anapigana. Baba hapigani."

Julai ikaja na joto lake. Chumba cha Fosco ndicho peke yake chenye ubaridi nyumba nzima, kuta zake nene, kinaelekea kaskazini. Fiamma akahamishia kompyuta mle, mezani, miguuni mwa kitanda. Mimi sikujua mpaka siku niliyoingia na supu, nikiwa katikati ya kelele zangu, nikaona skrini imejaa roho za kijivu, na mdogo wangu amegeuza shingo anaziangalia. Juu ya mto, karibu na mdomo wake, kulikuwa na kidude cheusi.

"Fiamma! Umemletea baba yako Jehanamu chumbani? Una wazimu? Mgonjwa anapelekewa maua!"

"Shangazi, taratibu."

"Na hicho kidude je?"

"Maikrofoni. Nachukua pumzi zake. Kila akitoa pumzi, kwenye picha povu moja linapanda. Nilimwomba, akakubali."

"Alikubali vipi na mtu hasemi?"

"Alifumba macho mara moja. Ndiyo yake siku hizi ni hiyo." Akanishika mkono akanitoa hadi kwenye ngazi. "Shangazi, nakuomba sana, punguza sauti. Daktari amesema aachwe atulie. Kila siku unaingia na makelele, unamwita mwali, unamsimanga. Huoni anavyojikunyata ukianza tu? Unamzamisha."

Unamzamisha! Niliweka bakuli chini, sikumwaga hata tone, nikashuka ngazi.

Nilikasirika, ndiyo, nani asingekasirika? Lakini chini ya hasira nilimwamini. Msichana kasoma, na anampenda baba yake. Nikaanza kupeleka supu kimyakimya, viatu mkononi, nikinyata kama mwizi wa kuku. Naweka bakuli nje ya mlango wa chumba, nabisha kwa ukucha, naondoka. Fiamma mwenyewe sikumsemesha. Kila alipokuja baa akafungua mdomo, niliwasha mashine ya kahawa, na mashine yangu ni ya zamani, inanguruma kuliko trekta. "Shangazi, kuna jambo Baba..." Nikawasha. "Shangazi, hebu nisikilize..." Nikafungulia mvuke. Mwisho alichoka akaenda zake. Nilijiona mshindi, mjinga mimi.

Huku bakuli zikaanza kurudi zimejaa. Mwanzoni vijiko viwili vimeliwa, halafu kimoja, halafu mafuta yameganda juu bila alama ya kijiko. Nikajiambia ni joto. Nikapika maharage, nikapeleka jibini laini, nikapeleka mapichi ya shambani kwa Ademaro. Vyote vikarudi. Daktari akaja, akampima, akashuka akitikisa kichwa.

"Jumatatu, Signora," akasema. Sikukuu yenyewe ilikuwa Jumapili.

Nililia jikoni nikimenya vitunguu, ili mtu asiniulize.

Jumapili ikafika na sisi tukajipanga ghalani. Nilitaka kubaki nyumbani, lakini mkuu wa jiko la mtaa hawezi kukosa, watu wangesema. Fornace wakatangulia. Siwezi kusema uongo, wapenzi wao walikuwa wazuri. Walipita darini juu ya vichwa vyetu, wengi wasiohesabika, wameshikana mikono, nywele zinaruka, nyuso zimejaa majuto. Tena wenyewe walileta mafeni ya kweli, kofia ya padri ikapeperuka hadi mlangoni. Watu walipiga makofi mpaka vumbi la tumbaku likadondoka kutoka kwenye boriti.

"Tumekwisha," Ademaro akaninong'oneza.

Kisha tukaitwa sisi. Giza. Halafu rangi ya kahawia ikaenea polepole, ukuta hadi ukuta, na juu kabisa darini mwanga hafifu. Ilituchukua muda kuelewa. Hatukuwa tunaliangalia tope kutoka juu. Tulikuwa ndani yake, chini kabisa. Roho zilikuwa zimetuzunguka, zimelala ubavu, magoti yamekunjwa, kiganja chini ya shavu. Ulalaji ule niliujua. Hakuna iliyopiga yowe. Kila moja ilitoa povu, povu likapanda bila haraka hadi kwenye ule mwanga likapasuka, na ukitega sikio ulisikia pumzi. Ndani. Nje. Ersilia, aliyekuwa akijitafuta ukutani, aliacha kujitafuta.

Mara, kutoka juu, mbali, nyuma ya uzito wote ule, ikaja sauti.

"Fosco! We Fosco! Jua linachoma mpaka paka wanahema!"

Mtaa mzima ukageuka kuniangalia.

Ni mimi! Mimi na blanketi na mwali, mimi na punda wa Ersilia, mimi na kuku wangu aliyetolewa roho. Ghala zima linanisikia nikimkaripia mgonjwa. Masikio yaliniwaka. Nilitamani ardhi inimeze, na picha yenyewe ilikuwa imeshanimeza. Nikawaza, kumbe shairi halikukosea, kuna watu chini ya tope, na juu yao kuna Nives, anawakanyaga.

Lakini hata katika aibu ile niliona kitu. Sauti yangu ilipokuja, mapovu yaliongezeka. Roho moja iligeuza uso kuelekea juu, kidogo tu, ikitafuta mwanga ulipo. Nyingine ikageuka. Sauti ikakatika, zikasubiri. Sauti ikarudi na habari za supu, zikageuka tena, zote. Kisha sauti haikurudi. Ulisikika mlango unabishwa kwa ukucha, taratibu mno, na miguu isiyo na viatu inashuka ngazi. Mapovu yakapungua. Mwanga wa darini ukafifia hadi hukujua tena juu ni wapi. Likapanda povu moja. Tukasubiri jingine, mji mzima umezuia pumzi, Fornace na wao. Halikuja.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilimsukuma Ademaro, nikampata Fiamma nyuma ya projekta.

"Umenitia Jehanamu mbele ya mji mzima!"

"Nimekuja juzi kukuambia, nimekuja jana. Umewasha mashine."

"Kuniambia nini? Kwamba namzamisha? Ulishaniambia!"

"Kwamba nilikosea." Alikuwa analia, pua yote nyekundu. "Sauti yako ilinaswa kwenye maikrofoni pamoja na pumzi zake. Nikaitoa. Juzi nikamwonyesha Baba kazi, akaangalia hadi mwisho, halafu akaniuliza, 'Nives yuko wapi?' Shangazi, hakuwa amenena neno tangu nirudi! Nikamwambia nimekutoa, nimekuambia usimpigie kelele tena. Akasema, 'Mrudishe. Nikiwa huku chini sijui juu ni upande gani. Kelele zake ndizo zinanionyesha.'"

"Na pale mwisho? Pale..."

"Alipanga mwenyewe. Alisema sauti ikikatika, baada ya muda nizime. Nimejaribu kumpigia kelele mimi, Shangazi. Siwezi. Inatoka kama naomba msamaha."

Sikungoja zaidi. Nilikimbia, mimi na umri wangu na mwili wangu na aproni ya sikukuu, Ersilia nyuma yangu akiuliza kama kuna moto. Nikafika kwa Fosco, nikasimama chini ya ngazi, nikafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Kunyata kote kule kulikuwa kumenizoesha kunong'ona. Niliiwaza Jumatatu. Nilimwaza Mjomba Tebaldo. Niliwaza lile povu ambalo halikuja. Tarumbeta lilining'inia nyuma ya mlango na vumbi lake, nikalipiga kofi, likalia kidogo, na sauti yangu ikaamka nalo.

"Fosco! We Fosco! Mji mzima leo umenisikia ninavyobwata, na ni kazi yako! Fornace wameleta mafeni, wameleta wapenzi uchi, na kichekesho nikawa mimi! Unanirudishia supu imejaa, unadhani kuku wanaota mitini? Juu ni huku, umesikia? Huku! Upande huu wa sauti yangu! Mimi nilidanganywa nikanyamaza, sinyamazi tena, na nikifa nitaendelea!"

Nikatega sikio. Nilishika ukuta. Nililia sasa, kwa sauti, maana kulia nako ni kelele.

Huko juu kitanda kikalalamika. Kitu kikagusa sakafu, kikapumzika, kikagusa tena. Kisha ikaja sauti iliyokwaruza, imekaa miezi karibu bila kutumika, sauti ya mtu aliyeonewa.

"Mimi si kiziwi, Nives."

Nikaketi kwenye ngazi ya chini. Nilitaka kumwambia nampenda, na badala yake nikagundua kwamba sikuwa na supu. Siku zote zile nilikuja nayo, leo nimekuja mikono mitupu! Nikamweleza hilo pia kwa nguvu zangu zote. Nikamwambia asithubutu kurudi kulala, naenda kuchemsha sasa hivi, na asiponisikia njia nzima kwenda na kurudi, ajue nimegongwa na gari.

Nikavuka barabara nikipayuka. Nikachemsha nikipayuka, dirisha la baa wazi, wateja wameshika vikombe hawajui waangalie wapi. Niliporudi na bakuli, dirisha la mbao la chumba cha Fosco lilikuwa limefunguliwa, upana wa kiganja tu. Nikamwambia huo si ufunguaji wa dirisha, aongeze.